Tathmini ya Gati Ihesabu Mto Mzima

Mwishoni mwa mwaka 2006, meli mbili za utafiti zilishuka mto Yangtze nchini China kutoka Yichang hadi Shanghai, kisha zikapanda tena. Kwa majuma sita watafiti walikaa sitahani kwa zamu, darubini mkononi, huku vinasa sauti vikikokotwa nyuma ya meli kusikiliza kilichomo ndani ya maji ya tope. Walikuwa wakimtafuta baiji, pomboo mweupe wa maji baridi ambaye wakati huo hakujulikana kuishi katika mto mwingine wowote duniani. Hawakumwona wala kumsikia hata mmoja. Mwaka uliofuata waliandika katika jarida la kisayansi kwamba yaelekea mnyama huyo ametoweka. Ukiuliza nani aliyemuua, hupati jibu la jina moja. Ndoano na umeme wa wavuvi, propela za meli, mabwawa, maji machafu ya viwanda, kingo zilizogeuzwa kuwa bandari: kila kimoja kilichukua sehemu yake, na kila kimoja kingeweza kujitetea kwamba peke yake kisingemmaliza.

Habari hiyo inahusu ujenzi wa gati kuliko inavyodhaniwa. Gati ni ile sehemu ya bandari ambapo meli hufunga kamba, ikapakia au kupakua shehena. Bandari ya mto hukua kwa kuongezewa gati: leo ya makaa ya mawe, kesho ya kontena, keshokutwa ya mafuta. Katika nchi nyingi sheria inataka kwamba kabla mkandarasi hajazamisha nguzo ya kwanza, ifanyike Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile inayofupishwa TAM. Mwenye mradi huajiri wataalamu, nao hupima maji, huorodhesha samaki, huzungumza na wakazi, kisha huandika ripoti inayopelekwa kwa mamlaka ili cheti kitolewe au kikataliwe. Utaratibu huo ni mzuri na ulipiganiwa. Lakini jinsi unavyotekelezwa mahali pengi, una kasoro mbili kubwa: unapima kitu kidogo mno, na unafika mahali pakiwa pamekwisha kuchaguliwa. Unachunguza gati moja, ilhali mto unazibeba zote kwa pamoja. Tathmini inayostahili jina hilo yapaswa kuanza na mto mzima, na yapaswa kuwa na nguvu ya kusema hapana. Yangtze ni mahali pazuri pa kuona sababu, kwa kuwa ndio mto wenye shughuli nyingi zaidi za uchukuzi duniani, na hasara zake zimeandikwa.

Tuanze na ujenzi wenyewe. Gati ya kisasa husimama juu ya nguzo za chuma au za zege zinazozamishwa kwa nyundo kubwa ya mashine, pigo baada ya pigo, mpaka zifike kwenye tabaka gumu. Kwa aliyesimama ukingoni hiyo ni kelele ya kuudhi tu. Majini ni jambo jingine. Sauti husafiri ndani ya maji kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na huenda mbali kabla ya kufifia. Katika Yangtze bado anaishi pomboo mdogo asiye na pezi la mgongoni, jamaa wa mbali wa baiji. Kwenye maji yale ya tope macho hayamsaidii sana, kwa hiyo huishi kwa masikio. Hutoa milio mifupi yenye masafa ya zaidi ya kilohezi 100, ilhali sikio la binadamu hukomea kwenye kilohezi 20 hivi, kisha husikiliza mwangwi ili ajue samaki yuko wapi na ukingo uko wapi. Pigo la nguzo likiwa karibu laweza kumharibu masikio. Likiwa mbali humfukuza mahali alipozoea kulisha. Samaki walio karibu sana na nguzo nao hupata majeraha ya ndani, kwa sababu kibofu cha hewa kilichomo mwilini mwao hutikiswa na mshindo. Wahandisi wana dawa zao: huanza na mapigo mepesi ili wanyama wapate nafasi ya kuondoka, huweka pazia la mapovu ya hewa kuzunguka nguzo ili kupunguza sauti, na husimamisha kazi pomboo akionekana. Hatua hizo zinafaa na zidaiwe kila mara. Ila zinahusu miezi ya ujenzi pekee.

Baada ya nguzo huja tope. Meli kubwa haiwezi kufika gatini bila kina, hivyo mashine za kuchimba, nyingine za kijiko na nyingine za kufyonza, huondoa mashapo yaliyotulia chini kwa miaka mingi. Tope lililotibuliwa hushuka na mkondo, huziba matamvua ya samaki na kufunika konokono na minyoo ambao ndio chakula chao. Kama eneo hilo liliwahi kupokea maji ya viwanda, ndani ya mashapo mna metali nzito na mafuta, na uchimbaji huvirudisha majini. Pia kuna jambo la mayai, ambalo huonyesha vizuri kuliko lolote kwa nini hesabu ya gati moja haitoshi. Aina nne mashuhuri za samaki wa jamii ya karpi, ambazo Wachina wamezifuga kwa karne nyingi, huzaliana katika Yangtze kipindi ambacho maji yamepata joto la nyuzi 18 za Selsiasi na mto umeanza kujaa. Mayai yao hayashiki kwenye mawe wala majani. Huchukuliwa na mkondo, yakisafiri mwendo mrefu hadi yaanguliwe. Yai lililotagwa leo juu ya mto litapita mbele ya gati nyingi, katika tope la machimbo kadhaa na mawimbi ya meli zisizohesabika, kabla halijawa samaki. Ripoti ya kila gati hulitaja yai hilo mara moja tu, kana kwamba gati hiyo ndiyo tabu pekee litakayoipata safarini.

Ujenzi ukiisha, wengi hudhani suala la mazingira nalo limeisha. Kumbe ndiyo kwanza linaanza. Gati hujengwa ili idumu miongo kadhaa, na katika muda huo wote mto hurudisha mashapo na mashine hurudi kuyaondoa. Meli zikifunga kamba huacha jenereta zikiwaka ili zipate umeme, ila pale tu gati inapokuwa na nyaya za kuziunganisha na umeme wa nchi kavu, na meli nazo zikawa na vifaa vya kuupokea. Makaa na madini yasiyofunikwa hupeperushwa na upepo. Maji machafu ya mashine za meli yanahitaji mahali pa kupokelewa, la sivyo huishia mtoni usiku. Zaidi ya hayo yote kuna ukingo wenyewe. Ukingo wa mto ulioachwa ulivyo una maji ya kina kifupi, matete na mkondo wa pole, na humo ndimo vifaranga vya samaki hujificha na kulishia. Gati huugeuza ukingo huo kuwa ukuta wa zege wenye maji ya kina kirefu yanayokwenda kwa kasi. Pazia la mapovu haliwezi kuurudisha, wala hakuna ratiba ya ujenzi inayoweza kufanya hivyo.

Hapo ndipo hesabu inapopotosha. Chukua mfano wa kubuni: eneo la mto lenye ukingo wa kilomita 100, na mradi wa gati unaohitaji mita 200. Mtaalamu ataandika, bila kusema uongo, kwamba mradi utatumia asilimia 0.2 ya ukingo na kwamba athari yake ni ndogo. Mradi wa pili utaandikiwa hivyo hivyo, na wa tatu pia. Zikifika gati mia, kilomita 20 za ukingo zimekwisha, sawa na sehemu moja ya tano, na katika kabati la mamlaka mna ripoti mia ambazo zote ni za kweli na zote zinasema athari ni ndogo. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba chenyewe kikiwa cha hasara. Katika Yangtze jambo hili halikubaki la kinadharia. Operesheni iliyoendeshwa kati ya mwaka 2016 na 2017 kwenye mkondo mkuu ilikuta gati haramu 1,361, ambazo baadaye nyingine zilivunjwa na nyingine zikarekebishwa na kuhalalishwa. Mwaka 2018 ilikamilika njia ya maji yenye kina cha mita 12.5 kutoka baharini hadi Nanjing, umbali wa zaidi ya kilomita 400, na kwa kina hicho meli kubwa za baharini zikapata sababu ya kupanda mtoni zikitafuta mahali pa kufunga kamba. Kila mradi ulikuwa na mantiki yake. Mto ulipokea jumla yao.

Udogo wa kipimo huambatana na kasoro ya pili, ambayo ni kuchelewa. Sheria ya China ya tathmini ya mazingira ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2003. Ibara yake ya 17 inaorodhesha mambo saba ambayo ripoti lazima iwe nayo: maelezo ya mradi, hali ya mazingira, utabiri wa athari, hatua za kuzipunguza, hesabu ya faida na hasara za athari hizo, ufuatiliaji, na hitimisho. Orodha hiyo haitaji jambo la nane, nalo ni kulinganisha mradi na njia mbadala, ikiwamo ile ya kutojenga kabisa. Marekani, kwa upande wake, iliweka ulinganisho huo ndani ya sheria yake tangu mwanzo, mwaka 1970. Tofauti si ya makaratasi. Ripoti isiyolinganisha mahali na mahali humkuta mwenye mradi ameshanunua kiwanja, ameshakopa benki na ameshaahidi ajira, hivyo inabakiwa na kazi ya kupamba uamuzi uliokwisha kupita. Isitoshe, kwa miaka mingi sheria hiyo ya China ilimruhusu aliyejenga bila kibali kukamilisha makaratasi baadaye, na akikaidi alitozwa faini ya yuan 50,000 hadi 200,000, kiasi ambacho hakimtishi mwenye mradi wa mamilioni. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliibadilisha faini kuwa asilimia 1 hadi 5 ya gharama yote ya mradi. Kwa mradi wa yuan bilioni moja, hiyo ni yuan milioni 10 hadi 50. Hatua hiyo inastahili sifa, na pia inatuambia hali ilivyokuwa kabla yake.

Kuna pia suala la nani anaiandika ripoti na nani anamlipa. Mwezi Machi 2020, ripoti ya tathmini ya mradi wa kuchimba njia ya meli katika ghuba ya Shenzhen ilitolewa hadharani ili wananchi watoe maoni. Wasomaji waliona kwamba ndani yake jina la Zhanjiang, mji mwingine kabisa ulio magharibi zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, limetajwa mara 35. Waandishi walikuwa wamenakili kazi ya mahali pengine wakasahau kufuta jina. Kashfa ikawa ya taifa, mradi ukasimama, na waliohusika wakaadhibiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba aliyegundua si mkaguzi mwenye muhuri. Ni wananchi waliosoma waraka uliowekwa wazi. Mtaalamu anayelipwa na mwenye mradi, na anayetumaini kupewa kazi nyingine naye, hubeba mzigo mzito wa kishawishi hata akiwa mwadilifu. Dawa yake ni kuiweka ripoti mbele ya macho mengi mapema, kwa lugha ambayo watu wa mahali hapo wanaielewa, na fedha za utafiti zipitie mkono usiokuwa wa mwenye mradi.

Mara nyingi ripoti za gati humalizia kwa ahadi ya fidia: mradi utanunua vifaranga vya samaki na kuviachia mtoni kila mwaka. Sherehe ya kuachia vifaranga hupendeza machoni, na wakati mwingine husaidia. Lakini Yangtze imefundisha mipaka yake kupitia samaki mkubwa wa kale aina ya stajoni. Bwawa la Gezhouba lilipoufunga mto mwaka 1981 lilimkatia njia ya kwenda kwenye mazalia yake ya juu. Tangu miaka ya 1980 vituo vya ufugaji vimeachia mtoni vifaranga vyake kwa mamilioni. Pamoja na juhudi hizo, mwaka 2013 watafiti hawakuona dalili yoyote ya samaki huyo kutaga, na kuanzia 2017 ukimya huo uliendelea kwa miaka mfululizo. Samaki mwingine wa mto huo, mwenye pua ndefu kama upanga, ambaye inasemekana aliweza kufikia urefu wa mita 7, alionekana mara ya mwisho mwaka 2003, na mwaka 2022 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Kifaranga kinahitaji mahali pa kukulia na baadaye mahali pa kuzalia. Fidia inayotoa kifaranga huku ukingo ukiendelea kuchukuliwa haifidii kitu.

Mwenye mradi ana pingamizi la haki hapa. Atasema: mifano hiyo ni ya mabwawa na uvuvi haramu, mbona gati ndizo zinazosomewa mashtaka? Ni kweli kwamba mabwawa na uvuvi vilifanya madhara makubwa zaidi. Lakini tazama kilichofuata. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 China ilipiga marufuku uvuvi katika mto huo kwa miaka kumi. Wavuvi wapatao 231,000 waliacha kazi ya baba na babu zao, na mashua zipatazo 111,000 zikatolewa majini. Sensa ya pomboo asiye na pezi ilikuwa imehesabu wanyama 1,012 mwaka 2017. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,249. Ilikuwa mara ya kwanza idadi hiyo kupanda tangu sensa zianze. Mto umeonyesha kwamba ukipunguziwa mzigo huitika. Sasa, mvuvi akishaondoka, kinachobaki mtoni ni mabwawa, meli na gati. Kama familia hizo zote zimetakiwa kuacha riziki yao kwa ajili ya uhai wa mto, basi si haki bandari iruhusiwe kuchukua nafasi waliyoiacha kwa hoja kwamba yenyewe ni ndogo. Waliotoa kikubwa wana haki ya kudai kwamba hesabu ya wengine ifanywe kwa ukali ule ule.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: usafiri wa majini ni rafiki wa mazingira kuliko barabara. Meli moja ya mtoni yenye uwezo wa tani 5,000 hubeba shehena ambayo ingehitaji malori zaidi ya 160 ya tani 30, na kwa kila tani hutumia mafuta kidogo zaidi. Anayezuia gati, inasemwa, anaongeza malori. Hoja hii ni sahihi kuhusu usafiri, lakini haithibitishi kwamba kila gati inahitajika. Kinachosafirisha shehena ni uwezo wa gati na mpangilio wake, na wingi wa gati ni suala jingine. Ushahidi uko Yangtze kwenyewe. Mwaka 2016, operesheni ya gati haramu ilipokuwa ikiendelea, shehena ya mkondo mkuu ilikuwa takriban tani bilioni 2.3. Mwaka 2020, gati hizo zikiwa zimeshashughulikiwa, ilikuwa imepita tani bilioni 3. Kuondoa vijigati vilivyotapakaa kila kona hakukuua uchukuzi, kwa sababu mizigo ilihamia kwenye gati kubwa zilizopangwa vizuri. Kwa hiyo anayeupenda usafiri wa majini ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai mpango wa mto mzima, ili gati chache zenye vifaa kamili zifanye kazi ya nyingi zinazonyang'anyana ukingo.

La tatu ni la muda na fedha: tathmini pana huchelewesha maendeleo, na nchi yenye haraka haiwezi kungoja. Jibu limo katika kesi mbili. Katika mto Delaware nchini Marekani, jimbo la Delaware lilipanga kujenga gati ya kontena Edgemoor, mahali palipokuwa na kiwanda cha kemikali. Vibali vilitolewa. Mwezi Oktoba 2024 jaji wa shirikisho alivifuta, akisema wahandisi wa jeshi waliovitoa hawakuchunguza ipasavyo athari za gati hiyo kwa usalama wa meli nyingine mtoni na kwa maslahi ya umma. Waliofungua kesi walikuwa bandari washindani wa juu ya mto, na kila mmoja anaweza kuona walikuwa na maslahi yao. Lakini swali walilouliza, yaani gati hii itawafanyia nini wengine wanaotumia mto huu, ndilo ambalo tathmini ilitakiwa ilijibu mapema. Kesi ya pili ni ya Lamu, Kenya, ambako gati tatu za kwanza za bandari mpya zilijengwa na kampuni ya China. Lamu ni bandari ya bahari, lakini funzo ni lile lile. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya, na majaji wakaeleza kwamba tathmini ya kimkakati ya mradi mzima ilipaswa kutangulia tathmini za vipande vyake. Mahali pote pawili muda uliookolewa mwanzoni ulilipwa baadaye mahakamani. Haraka haraka haina baraka, na katika ujenzi wa bandari baraka hiyo hupimwa kwa mabilioni.

Tathmini iliyo bora ingekuwaje basi? Ingeanza kabla mwekezaji hajatokea, kwa mpango wa mto unaotaja sehemu ambazo gati haziruhusiwi kamwe: mazalia, malisho ya wanyama walio hatarini, vyanzo vya maji ya kunywa. Ingeweka ukomo wa ukingo unaoweza kujengwa, na kila gati mpya ingetolewa ndani ya ukomo huo, hata ikibidi gati ya zamani ivunjwe kwanza. Mpango huo nao ungelindwa usibadilishwe kila mwekezaji anapobisha hodi. China iliwahi kusogeza mipaka ya hifadhi ya samaki adimu wa Yangtze ya juu mara mbili, mwaka 2005 na 2011, ili kupisha mabwawa. Mwaka 2015 ndipo wizara ya mazingira ilipokataa bwawa la Xiaonanhai lililokuwa sababu ya badiliko la pili. Kukataa huko kulithibitisha kwamba hapana inawezekana. Sheria ya Ulinzi wa Yangtze, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2021, imekwenda mbele zaidi: inauona mto kama kitu kimoja na kupiga marufuku miradi mipya ya kemikali ndani ya kilomita moja kutoka kingo za mkondo mkuu. Hatimaye, tathmini bora ingeendelea baada ya gati kufunguliwa, kwa vipimo vinavyotangazwa kila mwaka na mamlaka yenye uwezo wa kusimamisha kazi pale utabiri wa ripoti unapokosa kutimia.

Sisi hatuhitaji kungoja sheria mpya ili kuanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatambua tathmini ya mazingira kimkakati, yaani ile inayochunguza mpango kabla ya mradi. Sheria ya Kenya inaitambua pia, na sheria ya mazingira ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2011 inadai mipango na programu za serikali zitathminiwe kabla ya kutekelezwa. Bandari za mto za Kongo hiyo, kama Kisangani na Kindu, zinahitaji gati nzuri, na wakazi wake wana haki ya kupata bidhaa kwa bei nafuu. Wana haki pia ya kuuliza maswali manne siku watakapoitwa kwenye mkutano wa wadau. Je, mahali pengine palipolinganishwa na hapa ni wapi, na kwa nini pameachwa? Gati zilizopo na zinazopangwa katika mto huu ni ngapi, na jumla ya athari zake ni ipi? Nani aliyewalipa walioandika ripoti, na ripoti yenyewe tunaweza kuisoma wapi? Utabiri wake ukikosea, nani atasimamisha kazi? Ripoti isiyojibu maswali hayo haijakamilika, hata ikiwa na kurasa elfu, na mamlaka inayoipa cheti imeshindwa kazi yake. Nenda kwenye mkutano huo, uliza kwa sauti, na udai jibu liandikwe.